Kofia Tusiyoitaja Jina

Aliyekwambieni nimetulia, mwambieni aje kwangu Ansab anitazame nikimfukuza mtoto chumba kwa chumba, nepi mkononi. Huko ndiko kutulia?

Jana mmoja wenu, sitamtaja, kanitumia sauti kwenye simu. Kaanza kwa adabu, salamu ndefu, kamuulizia mwanangu, kamuulizia mama, halafu kashusha sauti kama mtu anayenunua dawa ya siri: "Dada Zuwena, eti kweli? Wanasema tangu upate mtoto umetulia, umeacha mambo yale." Mambo yale. Nimeisikiliza huku nanyonyesha, na hasira zilinipanda mpaka mtoto akaliacha ziwa akanitazama.

Basi nakuandikieni nyote, wasichana wa kikundi chetu cha taarab, nijibu mara moja nisirudie. Jukwaa nimeliacha kwa sababu nyonga yangu haijarudi mahali pake tangu nijifungue, na kwa sababu mwanangu halali. Mambo yale sikuyaacha. Mambo yale ndiyo mimi. Moyo wangu uko kwa wanawake tangu nijijue, na kuzaa hakuhamishi moyo, kunahamisha nyonga.

Na kwa kuwa nishakaa kitako, na huyu kwa bahati kapitiwa na usingizi, nitakusimulieni na kazi yenyewe. Maana nyinyi mnapanda jukwaani wimbo uko ndani ya simu, mnafungua midomo na kuifumba kama samaki wa soko la Sib, halafu mnaiita hiyo sanaa. Mimi nimecheza, nimeigiza, nimeimba, katika kumbi za wanawake Maskati nzima, na katika kazi yote hiyo nilitaka kitu kimoja ambacho nilikingoja mpaka siku ya mwisho: mama yangu akae kitini anitazame. Mara moja tu. Miaka yote hiyo alikuwa hajatia mguu.

Nilianza kwa kucheza, mstari wa nyuma, na nilikuwa naharibu mstari. Bi Thuwaiba mnamjua, nyinyi mmemkuta keshazeeka na bado mnamwogopa. Wakati ule alikuwa anapiga msondo mwenyewe, amekaa juu ya ngoma kama kapanda punda, na kutoka huko aliko anamwona kila mtu anayekosea. Alinitazama wiki nzima, mimi na mabega yangu na urefu wangu, halafu akasema, "Zuwena, unaonekana kama mnazi kwenye shamba la mchicha. Mimi nikupeleke wapi?"

Akanipeleka kwenye kanzu.

Ukumbi wa wanawake mnaujua. Simu za wageni zinaachwa mlangoni, mabuibui yanavuliwa, na kinachobakia ndani ni dhahabu, udi na midomo. Mwanamme haingii, ila bwana harusi mwenyewe mwishoni, naye anaingia macho chini kama aliyekosea nyumba. Sasa wazee wetu walikuwa na mchezo wao waliotoka nao Unguja. Mmoja katika wanawake anavaa kanzu, anajichora masharubu kwa wanja, anaingia kama bwana mwenye nyumba, na ukumbi mzima unamsema yale ambayo kwao hawathubutu kuyasema. Aliyekuwa akicheza ubwana kabla yangu alikuwa kaolewa Sur akaondoka. Nikapewa mimi. Nikaitwa Bwana Suudi.

Mazoezi ya kwanza niliingia kwa kishindo, kifua mbele, mikono nimeitanua, nakohoa. Nikajiona nimeweza. Bi Thuwaiba akaacha kupiga.

"Huyo si mwanamme," akasema. "Huyo ni mwanamme anavyoonekana na mtu aliyejificha mvunguni."

Akanipakia garini mpaka pwani ya Sib, pale wanaposhusha samaki, akaniambia nikae ndani ya gari nitazame. Nilitazama mpaka nikanuka samaki. Na nilichokiona, wadogo zangu, andikeni moyoni, ni kwamba mwanamme hafanyi kitu. Haangalii pindo la nguo yake. Akikaa hajikusanyi, anakaa kama kwamba kiti kile kilizaliwa siku moja naye. Akitaka maji hasemi anataka maji, anakohoa kidogo na maji yanakuja. Nyinyi mkiigiza mwanamme mnatia sauti nzito na kutikisa mabega, mnahangaika, na mwanamme anayehangaika si mwanamme, ni mwanamke kachelewa harusini. Usifanye kitu. Ngoja ufanyiwe. Mara ya kwanza niliyofanya hivyo jukwaani, nikakaa tu, nikakohoa, nikangoja, wanawake walicheka mpaka mmoja wanja ukamfika kidevuni. Kila mmoja alikuwa anamjua yule aliyekaa pale.

Na nitakwambieni jambo jengine ambalo Bi Thuwaiba hakunifunza. Mwili wangu huu, ambao ndani ya gauni haukujua mikono uiweke wapi, ulipoingia ndani ya kanzu ile uliacha kuuliza. Kwa hivyo mkitaka kujua nilitulia lini, ni siku ile.

Msidhani nilikuwa sikosei. Tulialikwa nyumba moja Bustan, watu wakubwa, bibi mwenye nyumba mtu wa kizamani, kanzu ya Bwana Suudi nimeivaa imepigwa pasi inasimama peke yake. Mchezo unataka Bwana Suudi anyweshwe kahawa. Bibi mwenye nyumba akaingia mchezoni mwenyewe, akachukua birika, akanimiminia. Nikanywa. Akamimina tena. Nikanywa. Mnajua hapa kwetu kikombe cha kahawa usipokitikisa ukikirudisha, hujasema basi, na mwenye adabu hawezi kuacha kumimina. Mimi nilikuwa nimejazwa kichwani usifanye kitu, usifanye kitu. Nikaona hata kutikisa kikombe ni kitu. Yule bibi kashikilia ada yake na mimi nimeshikilia sanaa yangu, na hakuna aliyekubali kushindwa. Mwisho nilikusanya kanzu kwa mikono miwili mpaka magotini nikatoka mbio, na masharubu yangu, natafuta msala nyumba ya watu, na Bi Thuwaiba huku nyuma akatia ngoma na kuimba kwamba Bwana kaenda kuoa mke wa pili. Tangu hapo ikawa msemo wa kikundi: usifanye kitu, lakini kikombe tikisa.

Sasa kofia.

Kofia ya Kiomani, ile ya kudariziwa kwa mkono, ina jina lake la Kiarabu. Ni kumma. Nimeliandika upesi, mama asione. Sisi tuliotoka Unguja hatulitaji, tunasema kofia, na watoto tunawafunza waseme kofia, kwa sababu jina lile kwa Kiswahili ni la mahali pengine kabisa, na kila mwanamke anaposoma hapa anajua ni wapi. Wenzetu wasiojua Kiswahili wanalitamka mchana kutwa, wanaliandika kwa herufi kubwa juu ya milango ya maduka, wanapeana zawadi sikukuu. Nimekulia nyumba ambayo babu akiitafuta kofia yake kwa Kiarabu, bibi anaziba masikio ya wajukuu.

Kofia ya Bwana Suudi sikuweza kuifua kwetu. Mama alijua kazi yangu, hakunikataza, lakini alikuwa hataki kuiona, hata ikianikwa. Nikaipeleka kwa dobi mmoja hapa Ansab. Kauntani kasimama msichana Mkenya, mpya, Kiarabu hajui hata cha salamu, jina lake Akinyi. Mbele yangu mzee wa heshima, ndevu nyeupe, anamweleza kwa upole anachotaka. Anataka ifuliwe, itiwe wanga, iwe ngumu, na anaitaka kabla ya Ijumaa, na kwa kuwa msichana haelewi anamwonyesha na ukubwa wake kwa mikono. Akinyi katika maneno yote yale alisikia moja tu.

"Mzee," akasema, taratibu, huku anafikia henga ya chuma, "heshimu hiyo umri yako."

Nikaruka mimi. Nikamwambia, kofia, dada, anasema kofia.

"Kofia ndio anaita hivyo? Mbele ya watu?"

Nikamwambia anaiita hivyo, na baba yake aliiita hivyo, na nchi nzima inaiita hivyo. Akinyi akaweka kichwa juu ya kaunta akacheka mpaka mzee naye akacheka, hajui anacheka nini, akaacha kofia yake akenda zake amefurahi. Nikatoa yangu nikaiweka.

"Na hii ni ya nani?"

"Yangu."

Akaitazama kofia, akanitazama mimi, akairudia kofia.

"Haya," akasema. "Hiyo nitaifua kwa mkono."

Mkitaka kujua mapenzi yanaanzaje, mimi sina jibu jengine. Na mkitaka kujua kofia inatunzwaje, yeye ndiye aliyenifunza baadaye: wanga mwepesi kama maji ya wali, uivalishe juu ya bakuli lililopinduliwa, usiianike juani, na ikikaribia kukauka ndipo unaikunja pale mbele. Ukiikunja mbichi inalala, ukiikunja kavu inavunjika.

Akinyi alikuwa anapiga kinanda kanisani kwao kila Ijumaa, maana huku hiyo ndiyo siku ya mapumziko, na sisi mpiga kinanda wetu alikuwa kaacha. Nikampeleka kwa Bi Thuwaiba. Vidole anavyo, masikio anayo, lakini kila wimbo wa taarab akifika mwisho anaumalizia pole pole, kwa sauti mbili nzito, kama watu wanainamisha vichwa. Bi Thuwaiba akavumilia, akavumilia, akasema, "Huyu mtoto kila wimbo anauzika." Tukamfunza kuukata pamoja na ngoma, mikono juu, watu wabaki wanataka. Naye akanifunza mimi kuvuta pumzi tumboni, wanavyofanya waimbaji wa kwaya, jambo ambalo sikujua kwamba siku moja litaniokoa.

Siku moja nikamchukua kwetu. Mama kakaa sebuleni, kaweka halwa na kahawa. Nikasema kama ninavyosema siku zote, "Mama, huyu shoga yangu, Akinyi."

Nyinyi mnajua nilichosema. Shoga yangu, rafiki yangu, mwanamke mwenzangu. Kwao Akinyi neno lile lina maana nyengine, linatupiwa wanaume wanaopenda wanaume, na halitupwi kwa wema. Nilimwona rangi ikimtoka. Na mama, kwa ukarimu wake, akamkamata mkono akamkalisha karibu yake. "Karibu mwanangu," akamwambia. "Shoga wa Zuwena ni shoga yangu na mimi." Halwa ikampalia.

Garini ndipo alipopata sauti. "Wewe ndio uliniambia tuwe makini. Halafu unanitangaza kwa mamako, sebuleni, na yeye anasema hata yeye pia?"

Ilinibidi nisimamishe gari. Nilicheka kwenye usukani mpaka honi ikalia. Nilipoweza kumweleza, akafikiri.

"Kwa hivyo hapa unaweza kuniita hivyo kila siku, mbele ya kila mtu, na hakuna mtu atashtuka?"

"Kila siku."

"Mungu ni mkubwa," akasema Akinyi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kwetu kuna neno moja safi ambalo halitajwi, na neno jengine lenye siri yote ndani yake ambalo linatajwa kila mtu akigonga mlango. Kama mama alisikia au hakusikia, sikumuuliza. Mama yangu si mjinga.

Kuimba kulikuja kwa bahati mbaya ya mtu. Mwimbaji wetu alikauka sauti harusini, biharusi kakaa, watu wanangoja, na mimi ndiyo kwanza nimetoka katika mchezo, bado na kanzu na masharubu. Bi Thuwaiba akanisukuma mbele ya maiki. Sauti yangu mnaijua, iko chini, inanguruma kama friji. Nikaanza kuipandisha, ikapasuka. Akinyi kimya kimya akashusha kinanda mpaka kikanikuta nilipo. Bi Thuwaiba kwa nyuma akaniambia, "Iwache huko huko. Watakuja wenyewe." Nikavuta pumzi tumboni kama alivyonifunza Akinyi, na wakaja.

Kutoka siku ile Bwana Suudi akawa anaimba mapenzi. Siri yake nawapa bure: msiwaimbie wasichana. Msichana akiimbiwa anamtazama mwenzake, anacheka, mambo yanaharibika. Mtafute bibi mkubwa kuliko wote ukumbini, yule aliyewekwa kwenye kochi na fimbo yake, mwimbie yeye peke yake. Huyo anajua kubembelezwa, na ana muda mrefu hajabembelezwa. Atainua kidevu tu, na ukumbi wote utakuwa wako.

Katikati ya haya niliolewa. Msishtuke. Binamu yangu, mtu mwema, anafanya kazi kwenye mafuta huko jangwani, wiki nyingi hayupo. Yeye ana siri yake na mimi nna yangu, na siri mbili katika nyumba moja hazigombani. Tulitaka mtoto sote wawili, tukapata, na baadaye tukaachana kwa kheri. Mwanawe anampenda. Hayo ndiyo yote mtakayoyapata.

Mimba ilikuwa ishaonekana pale mdogo wangu Rahma alipoposwa. Bwana ni wa Nizwa, watu wa dini na heshima, mama yake anaitwa Bi Shamsa, Kiswahili hajui hata neno. Sasa fikirini. Harusi ya mdogo wangu wa tumbo moja. Mama yangu lazima awepo, hana pa kujificha. Nikajua ndiyo hii, na kwa tumbo lile nikajua haitakuwa na nyengine.

Bi Shamsa akapeleka maneno. Kikundi cha wanawake karibu, waimbe, wapige ngoma. Lakini kasikia kwamba kuna mwanamke anavaa kiume. Huyo asiwepo.

Mama alikuja chumbani kwangu na habari hiyo na sikupenda alivyokuwa, maana alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo. Imba, mwanangu, akaniambia, imba uwezavyo, lakini imba kwa gauni. Hasira nilizokuwa nazo siku ile zingechemsha kahawa. Nikamwambia miaka yote nimekungoja uje, na sasa unakuja kumtazama mtu mwengine. Rahma alikuwa mlangoni anasikia kila kitu, na Rahma ni mpole, hajapata kubisha tangu azaliwe. "Bila Bwana Suudi," akasema, "mimi siingii ukumbini. Waolewe wao kwa wao."

Ikabidi aitwe Bi Thuwaiba, naye angekuwa wakili kama angesomeshwa. Akampigia simu Bi Shamsa, akazungumza Kiarabu cha sukari. Hoja yake ilikuwa kwamba kanzu ni nguo tu, hata wanawake wanalalia. Kinachomfanya mtu awe mwanamme ni kofia. Basi kanzu iwepo, kofia isiwepo, na hapo mwanamme hayupo. Bi Shamsa, nadhani kwa kuchoka, akakubali.

Siku ya harusi nikafungasha vitu vyangu asubuhi, kofia ndani, kwa mazoea tu, naapa. Tulipofika ukumbini mkoba wangu ulikuwa mwepesi. Mama alikuwa kaitoa. Hakuniamini, na haki yake.

Basi nikapanda. Masharubu yamechorwa, kanzu nyeupe imekumbatia tumbo, nimekuwa kama tajiri wa dhahabu aliyetoka kula, na kichwani hakuna kitu, nywele zimefungwa tu nyuma. Nikakaa kitini, nikakohoa. Wakacheka, lakini nusu. Kitu kilikuwa hakipo na kila mtu alikiona. Mama kakaa mstari wa mbele, kikombe cha kahawa mkononi, anaitazama sakafu. Nilimwona Akinyi kwenye kinanda ananiangalia, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikujua mikono niiweke wapi.

Bi Shamsa naye alikuwa mbele, na yeye hakuwa anaitazama sakafu. Alikuwa ananikodolea mimi. Huyu ni mwanamke aliyevalisha mume, wana na wajukuu, na kila sikukuu hakuna aliyetoka nyumbani kwake na kofia imekaa upande. Mwanamme kichwa wazi harusini, tena harusi ya mwanawe, lilikuwa linamuuma kama jino. Akavumilia mpaka akashindwa. Akainuka, akapanda, akamnyang'anya Akinyi maiki, na akawauliza watu kwa Kiarabu, kwa sauti ya mtu anayedai haki:

"Mwanamme gani huyu, anakuja harusini hana kumma?"

Nusu ya ukumbi ule ni watu wa Unguja.

Ukumbi ukavuta pumzi. Halafu kutoka nyuma, juu ya ngoma, sauti ya Bi Thuwaiba, kwa Kiswahili, pole kabisa.

"Anayo, bibi. Ndo mkasa wenyewe."

Sijapata kuona ukumbi ukianguka vile. Watu waliteremka vitini. Shangazi yetu mmoja alikuwa anapiga zulia kwa kiatu. Bi Shamsa akadhani wanamcheka yule mwanamme mchafu, wako pamoja naye, akazidi kupata nguvu. Akaendelea. Huyu hana watu? Hana wa kumvisha? Mama yake hakumpa kumma? Kila akilitaja wengine wanaanguka, na Rahma, biharusi, kajifunika uso kwa shada la maua, mabega yanatikisika. Akinyi kalalia kinanda na kinanda kinalia peke yake.

"Yuko wapi," akauliza Bi Shamsa, "mama wa mwanamme huyu?"

Kicheko kikafa upande wa mbele kwanza, kisha kikaenda kinazimika mpaka nyuma. Wote walimgeukia mama. Mimi nilikaa na tumbo langu na masharubu yangu na sikufanya kitu. Si sanaa. Sikuweza.

Mama alikuwa anacheka. Alikuwa kajiziba mdomo kwa mtandio na machozi yanamshuka, na nilielewa kwamba alikuwa anacheka tangu mwanzo, na kwamba alikuwa ananitazama. Akaweka kikombe. Akafungua mkoba wake, akaingiza mkono mpaka chini, akasimama.

"Mimi ndiye mama yake," akasema kwa Kiarabu. "Na kumma yake ninayo mimi."

Akapanda nayo, mbele ya watu wote, akanivisha. Akanivisha vibaya, ikaangukia sikioni, maana bado alikuwa anacheka. Bi Shamsa akapiga ulimi, akamsogeza, akaishika kwa vidole vyake viwili, akaikunja pale mbele panapokunjwa, akarudi hatua moja nyuma kutazama. Akaridhika. Ndipo Rahma alipomvuta akamnong'oneza kile ambacho ukumbi mzima ulikuwa unakijua. Bi Shamsa akaganda. Akanitazama kichwani. Akanitazama tumboni. Akairudisha maiki mdomoni.

"Basi," akasema, "huyu anazo mbili."

Sikumwimbia bibi mkubwa siku ile. Nilivunja sheria yangu mwenyewe, nikamwimbia mama, wimbo mzima, chini huko huko sauti yangu iliko. Alikuwa karudi kitini, kashika kikombe chake, wanapita wanamimina na yeye anakunywa na kukirudisha. Hakukitikisa mpaka nikamaliza.

Huo ndio mwisho wa kazi yangu, na mtu akikwambieni nilimaliza kwa kutubu mwonyesheni karatasi hii.

Mwanangu sasa anasema. Akinyi anamlea pamoja nami, anamwita shoga yake mdogo, na juzi mtoto kapanda kabatini, kaitoa kofia, kaitia kichwani imemfika puani, anazunguka sebuleni anapiga kelele jina lake la Kiarabu alilolitoa kwa jirani. Mama, aliyelitaja kwenye maiki mbele ya watu wa Nizwa, anamkimbilia, "Sema kofia, mwanangu, sema kofia." Na mtoto anazidi. Nikamwambia mama, mwache. Mwache aiite inavyoitwa. Mama akakaa chini akaanza kucheka tena.

Kofia imefuliwa kwa mkono, imetiwa wanga, iko juu ya bakuli. Bwana Suudi anahitajika, na nyinyi mnazo sauti zenu, zitoeni ndani ya simu. Nani katika nyinyi ataivaa sijui, na sitachagua mimi. Anayeitaka aje Ansab aiombe kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya mama yangu.